Mnyororo wa haki jinai na chuo kidogo cha mkoani

Anayetaka kusomea haki jinai nchini Tanzania hana mlango mmoja wa kubisha hodi. Askari polisi hunolewa Moshi na Kurasini. Askari magereza ana vyuo vyake, Kiwira na Ukonga. Ofisa ustawi wa jamii, ambaye ripoti yake inaweza kumwepusha mtoto na kifungo, mara nyingi kapitia chuo cha Kijitonyama au kozi inayofanana na ya pale. Mahakimu na makarani wana Lushoto, kwenye chuo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998. Wakili husoma shahada ya sheria, kisha hupambana na Shule ya Sheria. Kila mmoja anafundishwa pingili yake ya mnyororo, na wote hukutana kwa mara ya kwanza mtuhumiwa akiwa ameshasimama kizimbani.

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huohuo. Kilichozungumzwa zaidi vijiweni na magazetini ni yale mapendekezo mazito: Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya liwe chombo cha huduma, iundwe ofisi ya taifa ya upelelezi inayojitegemea, watu wasikamatwe kabla upelelezi haujafika mahali pa kueleweka. Ukiyasoma kwa jicho la mwalimu unaona yote yanagusa kidonda kimoja. Anayekamata hafikirii atakayeshtaki, anayeshtaki hamfikirii mahabusu anayesubiri, na magereza hupokea kila anayeletwa kwa sababu hawana la kusema.

Hoja yangu ni kwamba mahali panapofaa zaidi kufundishia mnyororo huu wote kwa pamoja ni chuo kikuu kidogo cha mkoani, kilekile ambacho mzazi wa mjini humpeleka mwanawe kwa shingo upande pale alama zinaposhindwa kufika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na vyuo hivyo, kwa sehemu kubwa, vinaitupa nafasi hiyo kwa kuhangaika kuwa Mlimani ndogo.

Chukua Iringa. Mji si mkubwa, lakini una vyuo viwili vya kanisa vinavyofundisha sheria: Chuo Kikuu cha Iringa, kilichoanzishwa na Walutheri mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, kilichoanza mwaka 2005. Mji huohuo una Mahakama Kuu, mahakama za ngazi za chini, gereza, polisi wa mkoa, waendesha mashtaka wa Serikali, maofisa wa ustawi na ofisi za mawakili ambazo nyingine ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Hata historia ya adhabu haiko mbali. Kuna mtaa wa katikati ya mji unaoitwa Kitanzini, na wenyeji husimulia kwamba ndipo Wajerumani walipowanyongea watu baada ya vita vyao na Wahehe. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetaka kuona pingili zote hizo itampasa apande mwendokasi, abadilishe daladala, alale foleni. Wa Iringa anavaa koti lake la baridi anatembea.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu haki jinai haijifichi ndani ya vitabu tu. Iko pia kwenye ratiba za kila siku, na ratiba hujulikana kwa kuwapo.

Mwanafunzi akae asubuhi moja kwenye mahakama ya hakimu mkazi siku ya kesi za kutajwa. Karandinga linaingia, mahabusu wanashuka wawili wawili, ndugu wanasogea na mifuko ya chakula na kuambiwa wasogee nyuma. Ndani, kesi ya mauaji inaitwa. Mwendesha mashtaka anasimama: upelelezi bado haujakamilika, Mheshimiwa, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anauliza umefikia wapi. Jalada liko kwa mwanasheria, sampuli ziko kwa Mkemia Mkuu. Mshtakiwa ananyoosha mkono, anasema ni mara ya ngapi sasa. Hakimu anamjibu kwa upole kwamba mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, asubiri Mahakama Kuu. Siku 14. Kesi inayofuata. Shughuli nzima haikuchukua dakika tano.

Mhadhiri mzuri anaweza kuzitumia dakika hizo tano muhula mzima. Kwa nini mtu afikishwe mbele ya mahakama isiyoweza kumsikiliza? Kwa nini hana dhamana? Hapo darasa linaingia kwenye orodha ya makosa yasiyodhaminika, likiwemo la utakatishaji fedha, na kwenye mvutano wa mwaka 2020: Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachofunga mlango wa dhamana kinakwenda kinyume na Katiba, na miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Sampuli inakaa wapi njiani kati ya kituo cha polisi na maabara, na nani anasaini anapoipokea? Hilo ni somo la mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, ambalo kila mwanafunzi wa jinai hulikariri kupitia rufani ya Paulo Maduka na wenzake, namba 110 ya mwaka 2007. Na nani analipia ubwabwa wa mtu huyo kwa muda wote huo? Hilo la mwisho haliko kwenye mtaala wa sheria, ingawa pesa hiyo inatoka mfukoni mwa mlipa kodi kila siku.

Au achukue karatasi moja tu, maelezo ya onyo. Ni fomu ya kawaida kabisa, imejazwa kwa peni na askari ambaye huenda hakulala. Juu kuna jina, kabila, umri, dini. Kuna mstari unaosema mtuhumiwa ameonywa kwamba halazimiki kusema lolote. Kuna saa aliyoanza kuandikwa na saa aliyomaliza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, na zinaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa. Mtu akikamatwa alfajiri kijijini, akasafirishwa mchana, akaandikwa maelezo kesho yake, na hakuna mahali palipoandikwa kwa nini ilichelewa, karatasi ile iko hatarini. Hukumu za Mahakama ya Rufani zimejaa maungamo yaliyofutwa kwenye kumbukumbu kwa kasoro ya aina hiyo, na baada ya hapo mtu aliyekuwa amehukumiwa kifungo kirefu anarudi nyumbani. Kijijini watasema hakimu kala rushwa. Kumbe kilichoiua kesi ni saa iliyoandikwa kwenye kona ya karatasi, siku ya kwanza kabisa, na askari ambaye hakuwahi kuhudhuria rufani yoyote maishani mwake.

Hapo ndipo faida ya pili ya chuo kidogo inapojitokeza, nayo haisemwi kwenye vipeperushi. Wanafunzi wake si vijana wa kidato cha sita tu. Utakuta sajenti wa polisi, askari magereza, karani wa mahakama, ofisa mtendaji wa kata, wote wanasaka shahada kwa ajili ya kupanda cheo au kwa ajili ya kustaafu wakiwa na kazi ya mkononi. Chuo kinachojitambua kingewaweka watu hawa katikati ya somo. Sajenti angeeleza ilivyo kuandika maelezo ya onyo katika kituo chenye taa moja na gari lisilo na mafuta, kijana wa mwaka wa pili angemsomea hukumu iliyoyatupa maelezo kama yale, na karani angewaambia wote wawili jalada linapotelea wapi. Badala yake, kwenye madarasa mengi, sajenti hukaa nyuma, kimya, akinakili. Vijana humwita afande na kumwachia kiti. Nao wasomi wa sare wana woga wao: leo anajenga hoja darasani kwamba kituo chake kinakiuka sheria, kesho yuko mbele ya mkuu wake wa kituo. Kuuondoa woga huo ni kazi ya mhadhiri, tena ni kazi ngumu, na sioni wengi wakifundishwa namna ya kuifanya.

Upande wa walimu, mambo si mazuri na hakuna sababu ya kuyapamba. Mhadhiri mmoja wa chuo kidogo anaweza kubeba sheria ya jinai, ushahidi na mikataba kwa muhula mmoja, akasimamia tasnifu, na bado akawa na kesi zake mahakamani kwa sababu mshahara umechelewa. Wanafunzi hujihami kwa madesa, yale yaliyonakiliwa mwaka hata mwaka mpaka kosa la kuandika la mwaka mmoja linageuka kuwa kanuni ya sheria. Vitabu navyo ni vya kubahatisha. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ni mtoto wa sheria ya India ya mwaka 1872, ndiyo maana kitabu kinene cha Sarkar kutoka India bado kinashikwa kwa heshima kwenye maktaba zetu, mara nyingi kikiwa kimepoteza jalada.

Ila kuna jambo moja lililobadilisha mizani. Hukumu za mahakama zetu sasa zinapatikana bure mtandaoni kupitia TanzLII. Zamani mwanafunzi wa Mlimani alikuwa na ripoti za kesi rafuni na wa mkoani hakuwa nazo, na pengo hilo halikuzibika kwa bidii wala maombi. Leo mwenye simu na bando la siku anasoma rufani iliyotolewa wiki iliyopita. Kisingizio cha maktaba kimepungua nguvu, na kwa maoni yangu vyuo vingi havijakiri bado kwamba kimepungua.

Pengo kubwa zaidi liko kwingine. Mhitimu wa sheria anajua vipengele vya kosa la wizi, lakini hajui chochote kuhusu wizi. Nani anaiba, nini kinaibwa, msimu gani, anayeibiwa hufanya nini kabla ya kwenda polisi, na wangapi hawaendi kabisa? Nchi hii ina historia ndefu ya watu kujilinda wenyewe: sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgambo, ulinzi shirikishi, polisi jamii iliyopigiwa debe na IGP Said Mwema baada ya mwaka 2006. Yote hayo ni haki jinai, na mengine ni ukiukaji wake. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne bila kuyajadili hata kwa saa moja.

Na hapa tena udogo ungesaidia. Rejesta ya mahakama ya mwanzo ni hazina ambayo watafiti wakubwa hawaijali. Humo kuna shambulio la kawaida, matusi ya hadharani, kuharibu mali, kuku, baiskeli, mpaka wa shamba uliogeuka ngumi. Sehemu kubwa ya mashauri ya nchi huanzia na kuishia huko, mbele ya hakimu mmoja, wakati mwingine na wazee wa baraza, kwa Kiswahili. Mwanafunzi akiruhusiwa kuhesabu mashauri ya mwaka mmoja ya kata mbili, akayapanga, akawahoji wazee wa baraza watatu, atakuwa ameandika kitu ambacho hakijaandikwa na mtu. Nimeona tasnifu za vyuo vikubwa kuhusu mahakama za kimataifa zilizoandikwa kutoka kwenye tasnifu nyingine kuhusu mahakama za kimataifa. Ningempa alama zaidi yule wa kuku na baiskeli.

Suala la lugha nalipitia haraka kwa sababu limeshasemwa sana. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, huku mihadhara na mitihani ikiendelea kwa Kiingereza. Chuo cha mkoani kinachowafundisha wanafunzi kumhoji shahidi kwa Kiswahili sanifu, kwa maswali mafupi yasiyomwonea, kingekuwa mbele ya wengi.

Taaluma hii yenyewe, kama somo la shahada, ilikomaa Marekani, na ilikomaa kwa namna inayopasa kututia tahadhari. August Vollmer, mkuu wa polisi wa Berkeley, California, ndiye aliyeanza mapema karne ya 20 kudai kwamba askari anahitaji chuo kikuu. Chuo cha San Jose kikaanza kozi yake ya polisi mwaka 1930. Lakini mlipuko ulikuja baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya uhalifu ya mwaka 1968, iliyomwaga fedha za Serikali Kuu, zikiwemo za kuwasomesha askari. Vyuo vidogo visivyokuwa na mwalimu hata mmoja wa fani hiyo vilifungua idara haraka, kwa sababu kila askari aliyejiandikisha alikuja na ada yake mkononi. Waliofundisha mara nyingi walikuwa askari wastaafu, na somo likawa masimulizi ya kazini. Mwaka 1978 tume iliyoandikiwa ripoti na Lawrence Sherman ilisema wazi kwamba elimu ile ilikuwa dhaifu, nyembamba, na ilikuwa ikiwarudisha askari kazini wakiwa na vyeti tu. Na Berkeley, mahali ilikoanzia ndoto, shule ya taaluma ya uhalifu ilifungwa mwaka 1976 baada ya wahadhiri na wanafunzi wake kuanza kuhoji polisi na magereza kuliko uongozi ulivyopenda.

Sisi tunaweza kuangukia kwenye mashimo yote mawili. Chuo chenye njaa ya wanafunzi kitafungua kozi ya haki jinai kesho asubuhi kikiona askari 200 wanataka cheti. Na chuo kinachomtegemea kamanda wa mkoa kwa ruhusa ya kuingia mahabusu kitafikiria mara mbili kabla ya kuchapisha tasnifu inayoonyesha watu wanalala mle kwa siku ngapi. Ukaribu unaleta fursa, lakini unaleta pia kufahamiana kupita kiasi, mambo ya "tusiharibiane". Mlimani, iliyoanza na kitivo cha sheria mwaka 1961, angalau ina umbali na ukubwa wa kumlinda mhadhiri mkorofi. Chuo kidogo hakina ngao hiyo, labda kiwe na baraza la masomo lenye uti wa mgongo.

Chuo kidogo kuliko vyote katika ukanda huu hakikuwa hata na jengo lake. Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa nchini Uganda mwaka 2002. Akiwa gereza la wanawake la Luzira, jina lake lilitangulia kwenye shauri la wafungwa waliopinga adhabu ya lazima ya kifo, yeye na wenzake 417, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakubali kwamba jaji hawezi kufungwa mikono namna ile. Kigula alisoma sheria gerezani kwa kozi ya Chuo Kikuu cha London, akawasaidia wafungwa wengine kuandaa mashauri yao, akatoka mwaka 2016. Darasa lile halikuwa na maktaba ya kujivunia. Lilikuwa na wanafunzi walioijua kila pingili kwa ngozi zao. Kwetu adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji bado iko kwenye vitabu, ingawa aliyenyongwa mwisho alinyongwa mwaka 1994, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilishasema mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu, kwamba ulazima huo unakiuka haki ya uhai. Ningependa kuona mtihani wa chuo cha mkoani unaowaweka wanafunzi mbele ya mashauri hayo mawili na kuwaambia wajenge hoja kwa ajili ya mfungwa wa gereza la Isanga.

Halafu kuna ajira, ambayo kwa mzazi ndiyo swali la kwanza. Mwaka 2022 nchi ilishtuka kusikia kwamba kati ya watahiniwa 633 wa Shule ya Sheria, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na vidole vikanyooshwa kila upande, vingi kuelekea vyuo vilikotoka vijana wale. Kwa mhitimu wa chuo kidogo hesabu ni chungu: uwakili una tundu la sindano, uhakimu unatangazwa kwa nafasi chache, na polisi au magereza watampokea kama kuruta, akimbie mchakamchaka Moshi au Kiwira na wa kidato cha nne, shahada ikisubiri mfukoni. Kuna nafasi za msaada wa kisheria tangu sheria ya mwaka 2017, kuna TAKUKURU, kuna ustawi wa jamii kwa waliosoma upande huo. Hakuna kati ya hizo inayotangaza kwamba inamtaka mtu anayeujua mnyororo mzima. Ofisi ya upelelezi iliyopendekezwa na tume ya Jaji Othman ingemhitaji mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo mwenye fomu ya maombi mkononi asiulize kwanza chuo kina ghorofa ngapi. Aulize nani anafundisha ushahidi, na kama mtu huyo amesimama mahakamani mwaka huu. Aulize mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi, na kama mwanafunzi hupangiwa mahali au huambiwa ajitafutie. Aulize kama chuo kina makubaliano ya maandishi na gereza, ofisi ya mashtaka na ustawi wa jamii, au ni kujuana tu kwa mkuu wa kitivo ambako kutaondoka siku akihamishwa. Na akifika chuoni, atoke nje ya geti amuulize muuza mihogo mahakama iko wapi. Akielekezwa kupanda basi, afikirie upya.